Shule za mkataba za Marekani na konvansione za Congo: jina la msimamizi halitoshi

Tarehe 22 Mei 2025, Mahakama Kuu ya Marekani ilishindwa kukata kesi moja ya shule. Majaji 4 walikuwa upande huu, 4 upande ule, na wa 9, Bi Amy Coney Barrett, alikuwa amejiondoa katika kesi. Jambo lilitoka jimbo la Oklahoma. Kanisa Katoliki la huko lilitaka kufungua shule ya mtandaoni, St. Isidore of Seville, kwa pesa za umma, ikiwa kati ya zile shule za mkataba ambazo Wamarekani wanaziita charter. Mahakama ya juu ya Oklahoma ilikuwa imekataa mwaka 2024, ikisema shule ya umma haiwezi kuwa ya dini. Kwa kuwa kura zilifungana, katazo hilo likabaki.

Kwa mzazi wa Bukavu, Butembo au Kalemie, kesi hiyo inashangaza kidogo. Kwetu, shule ya Katoliki, ya Kiprotestanti, ya Kikimbangu au ya Kiislamu ambayo walimu wake wanalipwa na serikali haipeleki mtu mahakamani. Ndiyo shule ambayo wengi wetu tulisomea. Tunaziita konvansione, na watoto wa shule ya msingi walio ndani yake ni wengi kuliko walio katika shule ambazo Leta inaziendesha yenyewe.

Hata hivyo, swali ni moja pande zote mbili: serikali ikitoa pesa halafu mtu mwingine akaendesha shule, je, mtoto anasoma vizuri zaidi? Wamarekani wamekuwa wakilipima swali hilo kwa zaidi ya miaka 30. Majibu yao yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wakimbizi kutoka Congo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wale Marekani iliowapokea katika mwaka wake wa bajeti wa 2024, kabla mpango huo haujasimamishwa Januari 2025. Watoto wa ndugu zetu wako tayari katika madarasa hayo, na wazazi wao wanalazimika kuchagua. Pili, sisi wenyewe tuna mkataba wa namna hiyo tangu 1977, na ni mara chache tunaujadili.

Charter ni nini hasa

Sheria ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifungua mlango mjini St. Paul mwaka 1992. Mmoja wa waliotangaza wazo hilo mapema, mwaka 1988, alikuwa Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu. Yeye alifikiria kikundi cha walimu kinachopewa nafasi ya kujaribu njia mpya ya kufundisha. Baadaye wazo lilichukua sura nyingine, na vyama vya walimu vikawa kati ya wapinzani wake wakubwa.

Shule ya charter ni shule ya umma. Mtoto halipi minerval. Pesa zinatoka serikalini na zinahesabiwa kwa kichwa cha kila mwanafunzi. Lakini anayeiendesha ni kundi lenye bodi yake, na kundi hilo linaajiri walimu, linapanga saa za masomo, linaamua nidhamu iweje. Mara nyingi walimu wake hawamo katika chama cha wafanyakazi. Wakiomba watoto wengi kuliko nafasi zilizopo, shule haichagui wenye akili, inachezesha bahati nasibu. Na mkataba una mwisho. Katika jimbo la Massachusetts, kwa mfano, unadumu miaka 5. Baada ya hapo shule inaonyesha matokeo yake, na inaweza kuongezewa muda au kufungwa.

Shule ya kawaida ya umma iko chini ya wilaya ya elimu. Mtoto anaingia kwa sababu anaishi katika mtaa ule, na shule haina haki ya kumrudisha nyumbani kwa kisingizio kwamba darasa limejaa au kwamba amefika Novemba.

Kufikia mwaka 2021, charter zilikuwa kama 7,800 zenye watoto karibu milioni 3.7, yaani kama watoto 7 kwa kila 100 wa shule za umma. Majimbo machache, kama Nebraska na Vermont, hayana kabisa sheria ya kuziruhusu.

Nani anasoma vizuri zaidi

Watafiti wa CREDO, kituo cha Chuo Kikuu cha Stanford, wamelinganisha watoto wa charter na watoto wanaofanana nao katika shule za kawaida mara tatu. Mwaka 2009 habari ilikuwa mbaya kwa charter: katika hesabu, 17% tu ya shule hizo zilishinda shule za kawaida za jirani, 37% zilishindwa, na zilizobaki hazikuonyesha tofauti. Mwaka 2013 hali ilikuwa imepanda. Mwaka 2023 watoto wa charter walionekana kupata, kwa wastani, faida inayolingana na siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu, kwa mwaka wa shule wa siku 180.

Siku 6 katika hesabu ni wiki moja na kitu. Mtu akisikia kelele za wanasiasa wa huko, wanaosema charter ni wokovu au charter ni wizi, angetegemea tofauti kubwa kuliko hiyo.

Lakini wastani unaficha mambo. Watoto weusi na wa Kilatino wa familia maskini mijini walipata faida kubwa zaidi. Upande mwingine, watoto wa charter za mtandaoni, wanaosomea nyumbani mbele ya kompyuta, walipoteza siku 58 katika kusoma na siku 124 katika hesabu. Siku 124 ni zaidi ya nusu ya mwaka. Shule hizo zote mbili zinaitwa charter, na zote zinakula pesa ya umma.

Huko Massachusetts, wachumi waliitumia bahati nasibu yenyewe kama kipimo. Waliwafuata watoto waliopata nafasi na wale walioikosa. Wote walikuwa na wazazi waliojisumbua kuomba, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba tofauti inatokana na mzazi mwenye bidii. Mmoja wa wachumi hao, Joshua Angrist, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa ajili ya mbinu za kupima za aina hiyo. Waligundua kwamba charter za Boston zinainua watoto kwa kiasi kikubwa: siku ndefu ya masomo, msaada kwa mtoto anayebaki nyuma, nidhamu kali. Charter za nje ya miji katika jimbo lile lile hazikuwa na faida hiyo, na nyingine zilirudisha watoto nyuma.

Kwa hiyo kuiita shule charter hakumwelezi mzazi mengi. Kinachobadilisha matokeo ni kazi inayofanyika darasani, na kuwepo kwa mtu mwenye uwezo wa kufunga shule inayoshindwa. Watafiti wa Stanford wenyewe waliandika mwaka 2013 kwamba sehemu ya maendeleo waliyoyaona ilitokana na shule dhaifu kufungwa.

Mlango na njia ya kutokea

Kuna hesabu nyingine ambayo haionekani katika alama za mtihani, nayo ni kujua nani ameingia na nani ametolewa.

Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba mkuu wa shule moja ya mtandao wa Success Academy, huko Brooklyn, alikuwa ametengeneza orodha ya watoto 16 ambao kwa maoni yake ilibidi waondoke. Viongozi wa mtandao huo walisema lilikuwa kosa la mkuu huyo na kwamba walilirekebisha upesi. Orodha ya namna hiyo haihitaji hata kuandikwa. Mzazi akiitwa shuleni kila wiki, mtoto akisimamishwa mara kwa mara, mwishowe familia inaondoka yenyewe. Mtoto yule anarudi shule ya mtaa, ambayo haiwezi kumkataa. Alama za shule aliyoitoka zinapanda, za ile iliyompokea zinashuka, na gazeti linaandika kwamba charter imeshinda.

Hapa ndipo familia ya Kikongo iliyofika karibuni inaguswa. Bahati nasibu ya charter kwa kawaida inafanyika miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Katika jiji la New York, maombi yanafungwa mwanzoni mwa Aprili. Familia iliyotoka kambi ya Nyarugusu au Nakivale na kutua Oktoba inakuta mchezo umekwisha. Shule ya mtaa ndiyo inayompokea mtoto siku ile ile, hata kama anajua Kiswahili na Kifaransa tu. Kisheria shule zote mbili zinapaswa kumsaidia kujifunza Kiingereza, lakini kupata nafasi ni jambo la kwanza. Basi la shule pia linafaa kuulizwa, maana si kila charter inalo, na baba anayefanya kazi ya usiku hawezi kuvuka mji mara mbili kwa siku.

Kuna na suala la pesa. Mtoto akihamia charter, pesa zake zinamfuata. Shule aliyoiacha inabaki na jengo lile lile, paa lile lile na pensheni za walimu wake. Hofu hiyo ndiyo iliyosikika sana Massachusetts mwaka 2016, wananchi walipoulizwa kwa kura kama charter ziongezwe. Kama 62% walikataa, katika jimbo ambalo charter zake za mjini ndizo zenye sifa kubwa kuliko zote.

Mji uliogeuza shule zake zote

Baada ya tufani ya Katrina, Agosti 2005, jimbo la Louisiana lilichukua karibu shule zote za mji wa New Orleans na kuzikabidhi kwa waendeshaji wa charter hatua kwa hatua. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule walifukuzwa, wengi wao walimu weusi waliokuwa nguzo ya mitaa yao. Alama za watoto zilipanda, na wengi zaidi walimaliza sekondari na kuingia chuo. Hilo limehakikishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane. Lakini wazazi walilazimika kuzoea mambo mengine: mtoto kuvuka mji mzima asubuhi, na shule kufungwa mkataba ukiisha, hata kama mtoto ameshazoea walimu wake. Mwaka 2024 wilaya ilifungua tena shule inayoiendesha yenyewe, The Leah Chase School. Baada ya karibu miaka 20, mji uliamua kwamba lazima serikali ibaki na mkono wake ndani.

Na Ohio inaonyesha kinachotokea mkataba ukikosa msomaji. Shule ya mtandaoni ECOT ilikua hadi kuwa na maelfu ya watoto. Wakaguzi walipodai ithibitishe kwamba watoto wote inaowalipiwa wanasoma kweli, ilishindwa. Iliamriwa kurudisha karibu dola milioni 80, na Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka, ikiacha kama watoto 12,000 wanatafuta pa kwenda. Sisi tunaojua habari ya walimu hewa, tunaielewa bila mkalimani.

Mkataba wetu wa 1977

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizichukua shule zote za makanisa. Haukuweza kuziendesha. Tarehe 26 Februari 1977 ulisaini mkataba na makanisa na kuwarudishia usimamizi. Tangu hapo kazi imegawanywa: serikali inalipa walimu, inapanga programu na inatunga mitihani; kanisa linasimamia shule, linaweka wakuu na kuwahamisha walimu. Katika miaka ya 1990, serikali ilipoacha karibu kabisa kulipa, ni makanisa pamoja na wazazi waliozuia shule zisifungwe. Makuta ya prime yalianza wakati huo, kama dawa ya muda mfupi. Yalidumu zaidi ya miaka 25.

Tukiuweka mkataba huo kando ya ule wa Marekani, tofauti tatu zinaonekana mara moja.

Ya kwanza: wa kwetu ni mkataba wa kanisa zima na serikali, si wa shule moja moja. Shule ya Kamanyola na shule ya Kinshasa ziko chini ya karatasi ile ile. Haiji siku, kila miaka 5, ambapo shule inawekwa mezani na kuulizwa: mmefundisha nini? Shule nzuri haipati tuzo, na mbaya haina woga.

Ya pili: pesa ya serikali kwetu haimfuati mtoto. Inamfuata mwalimu mwenye namba ya matrikile. Darasa la watoto 40 na darasa la watoto 120 linaleta mshahara mmoja. Na mwalimu asiye na namba anafundisha mwaka hata miaka bila kitu, haidhuru anafundisha vizuri namna gani.

Ya tatu inahusu mlango. Marekani wanagombana kuhusu bahati nasibu na watoto wanaotolewa. Kwetu matokeo ya Exetat yanatangazwa, na shule yenye 100% inasifiwa hadi redioni. Lakini asilimia hiyo inahesabu waliofika mwaka wa mwisho. Haisemi walikuwa wangapi walipoanza sekondari, wangapi waliambiwa watafute shule nyingine kwa sababu ya alama, na wangapi walibaki nyumbani kwa kukosa minerval. Ni orodha ile ya Brooklyn, isipokuwa kwetu haiandikwi na hakuna gazeti linaloitafuta.

Elimu ya bure ilipoanza Septemba 2019, kasoro zote tatu zilitoka nje kwa wakati mmoja. Lilikuwa jambo la haki: Katiba yetu, katika kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure. Watoto wengi mno waliingia, na hilo ni jema. Lakini pesa haikuwafuata darasani. Walimu wa mijini waliokuwa wakiishi kwa prime kuliko mshahara walipoteza, wale wasio na matrikile walibaki mikono mitupu, na migomo ikafuatana mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliahidi dola milioni 800 kwa ajili ya mpango huo. Katika vurugu hiyo, shule ya kanisa na shule ya Leta ziliumia kwa namna moja, kwa sababu zinanywa kisima kimoja.

Kuna jambo moja ambalo konvansione inalo na charter haina: mizizi. Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, Januari na Februari 2025, benki zilifungwa na mshahara ukawa na njia ndefu. Wakati kama huu, msimamizi anayeishi karibu na shule, anayejulikana na wazazi kwa jina, ana thamani ambayo hakuna mtafiti wa Stanford aliyeipima. Lakini mizizi haiwezi kuchukua nafasi ya hesabu. Uaminifu wa wazazi kwa kanisa ni sababu zaidi ya kanisa kuwaonyesha vitabu vyake.

Maswali ya kuuliza

Mzazi aliye Marekani asiulize tu kama shule ni charter au ya mtaa. Aulize mkataba wake unaisha lini na mara ya mwisho uliongezwa kwa matokeo gani. Aulize kama inapokea watoto katikati ya mwaka na katika madarasa ya juu. Aulize watoto wangapi walioanza pamoja walimaliza pamoja, na mwalimu wa Kiingereza kwa wageni anakuja siku ngapi kwa wiki. Kama shule yote iko kwenye kompyuta, akumbuke zile siku 124.

Mzazi aliye Congo hana nafasi ya kuchagua kiasi hicho, lakini ana kamati ya wazazi, na ana haki ya kuuliza pia. Kwa upande wa serikali na makanisa, hatua zinazowezekana si za miujiza: kila shule iwe na ukurasa wake wa makubaliano, idadi ya walioanza na waliomaliza ibandikwe ukutani kando ya asilimia ya Exetat, pesa ya uendeshaji wa shule ihesabiwe kulingana na watoto waliomo, na mwalimu aliye darasani kweli apewe namba yake.

Wamarekani walianza kubishana kuhusu nani aendeshe shule, na baada ya miaka 30 wamejikuta wakibishana kuhusu nani anakagua. Sisi mkataba wetu unakaribia miaka 50. Kabla hatujaudai mpya, tungeanza kwa kuusoma huu wa zamani pamoja, serikali, kanisa na wazazi, shule kwa shule.